Bagamoyo au Tanga? Kuchagua mji wa pwani kwa macho ya muuguzi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanajumuiya katika sherehe yetu ya Uhuru)

Ndugu Mwenyekiti, wageni wetu mliotoka miji ya mbali, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama mliokesha na masufuria ya pilau, vijana na watoto. 

Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya. Nikawaambia nitazungumza juu ya nyumba. Katibu aliniangalia kama mtu aliyekosea mlango, lakini akaniruhusu, namshukuru. Sababu yangu ni hii. Kila tarehe 9 Desemba, wimbo wa taifa ukishaisha na muziki haujaanza, meza zote huwa na swali moja: umejenga? Umejenga wapi? Na siku hizi wengi wetu tuliofika umri wa kufikiria kurudi tunajibu: pwani. Hata waliozaliwa Mbeya na Bukoba wanajibu pwani. Baridi ya hapa Uingereza imetufundisha kupenda jua.

Mimi ni muuguzi. Shahada yangu nimeisomea hapa, na miaka yangu mingi ya kazi imepita katika wodi za wazee. Mwaka jana mimi na mume wangu tulifika mahali pa kuamua. Akiba yetu ilitosha nyumba moja, na mezani ilikuwepo miji miwili: Bagamoyo na Tanga. Mume wangu aliitaka Bagamoyo, na nisiwafiche, hata moyo wangu ulikuwa huko. Ila atakayeanza kukaa katika nyumba hiyo ni mama yangu. Ana miaka 74, ana presha na kisukari cha siku nyingi, na anachoma insulini mara mbili kwa siku. Sisi tutamfuata baadaye, Mungu akipenda. Kwa hiyo tulilazimika kujiuliza mama ataishi wapi salama, sisi tukiwa zaidi ya kilomita elfu saba kutoka mlangoni kwake. Swali hilo likabadilisha hesabu yetu yote, na ndilo nililokuja nalo leo.

MIJI YENYEWE

Bagamoyo wengi mnaijua. Iko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ni mji wa misafara ya zamani, na ndipo Wajerumani walipoweka makao makuu yao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Kuna magofu ya Kaole, kuna misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, kuna chuo cha sanaa. Ufukwe wake ni mrefu na mzuri, na ukisimama pale jioni, ngalawa zikirudi, hutaki kusikia habari ya mji mwingine. Faida yake kubwa ni Dar es Salaam: uwanja wa ndege, hospitali kubwa, ndugu, watoto wakija likizo. Na Dar es Salaam hiyo hiyo ndiyo kero yake, kwa sababu bei za viwanja zinaifuata, na foleni ya Bunju, Tegeta na Mwenge inaweza kuzifanya kilomita 70 zikawa safari ya nusu siku.

Tanga iko mbali zaidi, kiasi cha kilomita 350 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze na Segera. Ni mji wa bandari, wa mkonge, na wa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Nasema ukweli, ufukwe wake wa mjini haushindani na wa Bagamoyo. Kuna mikoko, na maji yakipwa unaona tope. Watu huogelea Raskazone, na anayetaka mchanga mweupe huelekezwa Pangani. Lakini Tanga ni jiji lililokamilika. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko ndani ya mji, pembeni ya bahari. Mitaa ya Ngamiani imenyooka na ina namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, kiasi kwamba bodaboda akielekezwa usiku haulizi mara mbili. Mji ni tambarare, wazee wanaendesha baiskeli. Mamlaka ya maji ya Tanga ndiyo iliyouza hatifungani ya kijani mwaka 2024 ili kupanua huduma yake.

Wenyeji wana msemo wao kuhusu Tanga: waja leo, waondoka leo. Mnunuzi wa nyumba haondoki leo, kwa hiyo inampasa auangalie mji kwa namna nyingine kabisa na mgeni wa wikiendi.

MASWALI YA SAA NANE ZA USIKU

Ndugu zangu, nyumba nyingi tunazichagua saa kumi za jioni, jua likiwa zuri na dalali akiwa na maneno matamu. Mimi nawaomba mzichague saa nane za usiku. Nitawapa maswali manne ambayo tuliyauliza kwa miji yote miwili.

La kwanza: ni dakika ngapi hadi hospitali, na hospitali hiyo inaweza nini usiku huo? Mtu anayechoma insulini, sukari yake ikishuka, anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kuongea mambo yasiyoeleweka, kisha anaweza kuzimia. Huyo ana dakika, hana saa. Mtu aliyepigwa na kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha damu hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT cha kichwa. Kwa hiyo mkipiga simu, msiulize tu kama mashine ipo. Ulizeni kama wiki hii inafanya kazi, na nani anaisoma picha yake usiku. Ulizeni kama gari la wagonjwa lina mafuta. Maswali haya hayamkeri muuguzi mwenzangu wa kule. Atakujibu vizuri, kwa kuwa naye anajiuliza hayo hayo kila zamu.

Bagamoyo ina hospitali ya wilaya mjini. Hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, nayo iko Kibaha. Mbele ya hapo ni Dar es Salaam, na usiku barabara huwa nyepesi. Tanga, kutoka mitaa mingi ya mjini hadi Bombo ni mwendo mfupi wa pikipiki. Lakini mgonjwa wa Tanga anayehitaji upasuaji wa moyo au tiba ya saratani mara nyingi atapelekwa kwenye taasisi kubwa zilizoko Dar es Salaam, na hiyo ni safari ya siku nzima. Mnaona sasa kwamba hakuna mji mmoja unaomfaa kila mtu. Mwenye ugonjwa unaomtaka bingwa kila wiki, Bagamoyo inamfaa kuliko Tanga. Mwenye ugonjwa wa kudhibitiwa nyumbani, ambao hatari yake ni ile ya ghafla, anahitaji hospitali ya rufaa iliyo karibu na kitanda chake. Anzeni na ugonjwa mlio nao, kisha muutafutie mji.

La pili: nani atagonga mlango? Mgonjwa wa sukari aliyeshuka haokolewi kwanza na daktari. Anaokolewa na aliyepita kumsalimia akaona hali si ya kawaida, akampa maji ya sukari au soda akiwa bado anaweza kumeza, na akikuta amezimia akaita msaada bila kumtia kitu mdomoni. Bingwa wa Muhimbili hana nafasi ya kufanya kazi hiyo. Anayo jirani. Na hapa pana jambo gumu kuhusu viwanja vya ufukweni. Vingi viko nje ya mji, vimezungushiwa kuta ndefu, na wenyewe wako Dar es Salaam, Dubai au hapa hapa Uingereza. Mwaka mzima anakaa mlinzi. Mnanunua mandhari, halafu mzazi wenu anakosa wa kumwambia shikamoo.

La tatu: maji, umeme na joto. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili katika joto la Januari, dawa ya mwezi mzima inaweza kuharibika. Kwa hiyo hesabu ya sola na betri iingie kwenye bei ya nyumba tangu mwanzo. Maji ya kisima karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, na mwenye presha hafai kuyafanya maji yake ya kunywa ya kila siku. Chumvi hiyo haimwachi hata aliye mzima: inakula mabati, inakula bawaba za milango, na nondo zikipata upenyo inazila ndani kwa ndani. Anayejenga kwa mchanga wa baharini anajenga na ugonjwa ndani ya ukuta.

La nne ni malaria, na hili linatuhusu sisi zaidi kuliko wazee wetu waliobaki. Kinga tuliyokua nayo utotoni hupungua tukikaa miaka mingi huku, na watoto wetu waliozaliwa hapa hawajawahi kuwa nayo. Bagamoyo ndiko walikofanyia utafiti wa chanjo za malaria za watoto, na watafiti walikwenda huko kwa kuwa ugonjwa ulikuwepo. Tanga nayo ni pwani, ina mbu wake. Katika miji yote miwili, angalieni madimbwi, mashimo ya chumvi na mifereji iliyo karibu na kiwanja. Wekeni nyavu madirishani kabla ya vigae vya sebuleni. Na mkitoka likizo mkapata homa hapa Uingereza, mwambieni daktari mlikuwa wapi, msingoje awaulize.

WALIOTUTANGULIA UFUKWENI

Hili la kustaafu ufukweni Waingereza wamelianza zamani, na wodini kwetu nimewaona matokeo yake. Mume na mke wanauza nyumba mjini, wanahamia mji wa pwani, wanafurahi miaka kumi. Kisha mmoja anafariki. Anayebaki yuko mbali na watoto, mbali na rafiki wa zamani, na ngazi za nyumba zimekuwa ndefu. Mwaka 2021 Mganga Mkuu wa Uingereza, Profesa Chris Whitty, alitoa ripoti yake ya mwaka yote juu ya afya za watu wa miji ya pwani. Alionyesha kuwa miji hiyo ina mzigo mkubwa wa maradhi kuliko sehemu nyingine, na kuwa ni vigumu kupata madaktari na wauguzi wa kufanya kazi huko. Fikirini jambo jepesi: hospitali iliyo ufukweni, nusu ya eneo linaloizunguka ni samaki. Kama nchi yenye NHS inahangaika na jambo hili, sisi tusidhani upepo wa bahari peke yake utatutibu.

Na nikiitaja NHS, kuna habari ambayo wengi hawaipendi. Huduma hii hutolewa bure kwa anayeishi hapa kihalali na kwa kudumu. Haifuati rangi ya pasipoti. Hata mwenye pasipoti ya Uingereza, akihamia Tanzania moja kwa moja kisha akaja kulazwa huku, anaweza kuletewa ankara. Pensheni ya serikali ya hapa nayo hulipwa hata ukiwa Tanzania, lakini haipandi kila mwaka kama inavyopanda kwa aliyebaki. Kiwango unachoondoka nacho ndicho utakachozeeka nacho. Kwa hiyo mji mtakaouchagua uwe ule ambao mtaweza kuishi ndani yake kwa fedha ile ile bei za sokoni zikipanda, na kutibiwa ndani yake bila kutegemea ndege.

KARATASI KABLA YA KOLEO

Mimi si mwanasheria, ila kuna mambo ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyajua hata kabla ya kumtafuta wakili.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tunachopewa ni haki ya kuitumia kwa muda, na hati yake inaweza kufika miaka 99. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Wapo kati yetu waliochukua uraia wa hapa, na nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Habari za hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania zifuatilieni ubalozini na kwa wakili, mzione kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi. Na msikimbilie kuandikisha kiwanja kwa jina la mdogo wenu kienyeji. Mdogo ana mke, ana watoto, na siku akiondoka duniani, watakaokaa mezani kugawana si wale mliopatana nao. Mimi bado nina pasipoti ya Tanzania, lakini watoto wangu wana ya hapa, kwa hiyo swali la nani atarithi nyumba tumelipeleka kwa wakili mapema.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali akiwaambia mtanawa miguu baharini mkiwa barazani, mwambieni alete mtu wa kupima. Sheria hii ina hekima yake. Aliyeona jinsi bahari ilivyoula ufukwe wa Kunduchi anajua kuwa mita 60 si nyingi.

Tatu, msinunue uvumi. Makubaliano ya bandari kubwa ya Bagamoyo yalitangazwa mwaka 2013, watu wakagombania viwanja, na kufikia mwaka 2019 mazungumzo yalikuwa yamesimama. Tanga nako, tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima liwekwe Chongoleani mwaka 2017, kila kiwanja kimekuwa “karibu na bomba”. Hata barabara ya pwani inayojengwa kupitia Saadani na Pangani, ambayo itaisogeza Tanga karibu na Bagamoyo, dalali ameshaiuza mara kumi kabla ya lami. Mfanyabiashara na abahatishe. Anayetafuta mahali pa mama yake pa kulala anunue mji ulivyo leo.

Nne, fanyeni upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, nendeni serikali ya mtaa, ongeeni na majirani wa pande zote nne. Kama muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza huyo iwepo kwa maandishi.

TULIVYOAMUA

Baada ya maswali yote, mume wangu akasema jambo la busara: tumeulizana sisi wawili miezi sita, mbona mwenye nyumba hatujamuuliza? Nikampigia mama. Nikamweleza ufukwe wa Bagamoyo, baraza, upepo, wajukuu wakicheza mchangani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, bahari nimeiona tangu sijaota meno. Mimi nataka mlango wa kugongwa.”

Mama ni mtu wa Muheza, na dada yake mdogo anakaa Ngamiani. Pale ana shangazi, ana binamu, ana kikundi cha akina mama wa mtaani, na ana kliniki ya kisukari anayoweza kufika bila kulala njiani. Tumenunua Tanga. Nyumba ni ya chini, haina ngazi hata moja, choo kiko karibu na chumba cha kulala, na mlango wa bafu unapitisha kiti cha magurudumu. Bahari haionekani. Inasikika kidogo usiku upepo ukiwa mzuri, na mume wangu amesema hiyo inamtosha. Majirani wawili tumewafundisha kupima sukari, na namba zao zimeandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Sisemi nyote mwende Tanga. Ingekuwa mama yangu anahitaji bingwa wa Dar es Salaam kila wiki, au ndugu zake wangekuwa Bagamoyo, leo ningekuwa nawasifia Bagamoyo hapa. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kununua, mkapange nyumba katika mji huo mwezi mmoja. Nendeni wakati wa masika, mwone maji yanakotuama na barabara ipi inakatika. Nendeni kliniki asubuhi, mkae kwenye foleni pamoja na wengine. Pigeni simu hospitali usiku. Nanyi vijana mnaotuma fedha za ujenzi, muulizeni atakayelala humo anataka nini, na mumwache amalize kusema.

Wazee wetu waliopandisha bendera mwaka 1961 walitaka tuwe na mahali petu, tukae kwa heshima. Heshima ya mzee ni pamoja na kuugua akiwa karibu na mtu anayemjua kwa jina. Tukawatafutie wazee wetu nyumba za namna hiyo, na sisi wenyewe tukifika, tukazikute.

Nikimaliza hapa nitakuwa kwenye meza ya kona, pale penye mashine ya presha. Kupima ni bure, na kabla ya pilau namba zinakuwa za kweli zaidi. Karibuni sana, na Mungu aibariki nchi yetu.